Uzio wa Milango Saba

Mpima ardhi alinunua milango saba Jumamosi asubuhi, kwenye uwanja wa muuza mabaki ya ujenzi. Mabati mapya yangemeza mshahara wake wa miezi miwili, na mbao zilikuwa ghali kuliko mabati. Milango ilikuwa ya mbao ngumu, ina bawaba na vitasa vyake, na hakuna mtu mwingine aliyeitaka.

Mkewe, fundi cherehani, alikuwa amechora ramani ya ua wa nyuma kwenye karatasi ya kukatia nguo: uzio upande wa mfereji, changarawe kutoka mlango wa jiko hadi kwenye kamba ya nguo, maua ndani ya makopo ya rangi. Jumapili ya wiki iliyofuata wazazi wa mchumba wa binti yao wangekuja kwa mara ya kwanza, na sebule isingewatosha.

“Uzio wa milango,” alisema mkewe. “Watu watadhani tunauza nyumba kwa rejareja.”

“Tutaipaka rangi moja.”

“Rangi ipi, baba? Iliyomo mfukoni mwako?”

Milango ikasimamishwa ubavu kwa ubavu na kupigiliwa kwenye nguzo. Nyuma yake palikuwa na mfereji wa maji machafu, kisha ukuta wa ghala. Hapakuwa na mahali pa mtu kusimama.

Jumatatu, saa kumi na mbili kasoro robo jioni, mlango wa tatu ulibishwa.

“Hodi!”

“Karibu,” alijibu fundi cherehani bila kuinua macho kutoka kwenye pindo.

Aliingia fundi baiskeli, akafuta miguu, akauliza maji ya kunawa yako wapi. Alieleza kwamba kwa wiki saba alikuwa akitoka kazini bila kufika nyumbani. Leo mlango wake umefunguka. Iliyobaki ni nyumba. Aliketi kwenye changarawe, katika upana wa mlango wake, akavua viatu.

Kufikia Jumatano milango yote saba ilikuwa na wenyewe. Waliingia jioni na kutoka alfajiri, na kila mmoja alipiga hodi na kungoja kukaribishwa. Fundi baiskeli aliikaza kamba ya nguo iliyokuwa imelegea. Muuza mboga wa mlango wa sita alipanda mchicha kandokando ya ukuta wa jirani. Ua ulipendeza kuliko ramani.

“Mmepata wapangaji?” jirani aliuliza, akichungulia juu ya ukuta.

“Wamekuja na milango yao,” alisema fundi cherehani.

Mpima alikuwa ameitambua milango tangu uwanjani. Namba za chaki kwenye kona za juu zilikuwa mwandiko wake. Alizifuta kwa kitambaa chenye maji kabla ya kuipakia. Kanuni ya idara yao ilisema mpima abishe kila nyumba na kupiga hodi mara tatu, asipojibiwa, aandike “haikaliwi.” Nyumba isiyokaliwa hubomolewa bila notisi, na mwenyewe hapewi kiwanja kingine. Idara ilitaka eneo liwe wazi kabla ya mwisho wa robo mwaka. Mpima alipita saa nne asubuhi, watu wakiwa kazini, akagusa kila mlango kwa ncha ya kidole na kupiga hodi tatu kwa mnong’ono, kama anayepita karibu na mtoto aliyelala. Kanuni haikutaja sauti. Watu sita hawakuwepo. Wa saba alikuwa jikoni.

Huyo alikuwa bibi wa mlango wa kijani, opereta wa simu mstaafu. Hadi wiki hiyo alikuwa akilala kwenye kochi la mpwa wake. Alhamisi alimwita mpima akae karibu naye.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Nina swali, usinifiche. Siku ile ulipiga hodi kwangu?”

“Nilipiga, bibi. Mara tatu.”

“Kwa sauti ya kawaida?”

Mpima alitazama mchicha. “Ya kawaida.”

“Basi ni masikio.” Bibi alitikisa kichwa. “Miaka thelathini na moja kwenye simu. Nilikuwa najua mtu ana mafua kabla hajasema haloo. Nimekwenda hospitali, daktari anasema ni mazima. Katoto kale, katajuaje? Redio nimempa mpwa wangu. Ya nini tena?”

Fundi cherehani alikuwa akianua nguo. Aliingia ndani, akamngoja mumewe jikoni.

“Ulinong’ona.”

Mpima alifunga mlango wa jiko.

“Wewe ukiomba chumvi, mtaa wa pili wanakuletea. Ukanong’ona?”

Mpima alitoa karatasi kwenye mkoba wake. Ilikuwa fomu ya marekebisho, ukurasa mmoja, tayari ina tarehe. Mpima aliyekosea aliruhusiwa kuieleza kasoro yake mwenyewe, na hapo wenye nyumba wangepewa viwanja. Dirisha la kupokea fomu lingefungwa kesho saa kumi.

“Ukiipeleka?”

“Nafukuzwa kazi.”

Mkewe alikunja shuka, pembe kwa pembe, mpaka likawa dogo kama kitabu. “Wageni wanakuja Jumapili,” alisema. “Mtoto wa watu tutamwambia nini?”

Ijumaa saa kumi mpima alikuwa dukani akichagua makopo ya maua.

Jumapili wageni waliusifu ua. Mama wa mchumba alisema hajawahi kuona uzio wenye watu, na akauliza kama ni gharama kubwa. Fundi cherehani alisema si kubwa. Chai ilimiminwa, waliokuwa ndani ya upana wa milango yao nao walipewa, kwa kuwa walikuwepo.

“Bibi!” mpima alipaza sauti, mikono kinywani. “Hawa ndio wageni wetu!”

Bibi aligeuka, akatabasamu. Aliwaambia wageni kwamba masikio yake yamekufa, kwa hiyo wamwie radhi, lakini kijana huyu Mungu ambariki, ndiye pekee anayejua kusema na mzee. Wengine wote wanamung’unya maneno.

Baba wa mchumba alimtazama mpima kwa heshima. Binti alitazama kikombe chake.

“Si kitu, bibi!” mpima alisema, kwa sauti iliyovuka mfereji, ikagonga ukuta wa ghala, ikarudi.