Miguu Mitatu ya Kaboni

Nilirudi Makorora kwa binti yangu Sabiha nikitokea Kigombe, miguu imenivimba. Uani nikakuta kigoda kimoja tu, nacho kimeshikwa na mjukuu wangu Mboni. Shikamoo yake aliitoa bila kuinua macho. Kesho yake alikuwa na sapu ya kemia, mtihani wa marudio, na akianguka tena ni kudisko, yaani chuo basi.

"Kaa, babu." Sijatulia, "Inuka, babu."

Akakipindua kigoda. Miguu yote mitatu aliifunga vitambaa: chekundu, cheusi, cha buluu. Alinieleza kwa sauti ya mtu aliyechoka. Katikati kuna kaboni moja, imeshikana na vitu vinne tofauti. Unavipanga kwa ukubwa. Chekundu ni oksijeni, hicho cha kwanza. Cheusi na cha buluu vyote kaboni, vimelingana, basi unatazama kila kimoja kimefuatana na nani. Cheusi kina oksijeni, kinakuwa cha pili. Cha buluu kina haidrojeni tupu.

"Kama mimi na wifi yangu Khadija," Sabiha akadakia kutoka jikoni. "Yeye kafuatana na mahaji, mimi nimefuatana na baba."

"Na cha nne?" nikauliza.

"Haidrojeni yenyewe. Ndogo kuliko vyote. Ndipo hapo unapokaa, babu."

Nikainama nikaikanda miguu yangu.

Ukitoka kikubwa kwenda kidogo ukazunguka kama mshale wa saa, jina la umbo hilo ni R. Ukizunguka kinyume, S. Hayo Mboni aliyajua. Alichosahau ni kutazama kutokea upande wa miguu, haidrojeni ikiwa mbali naye. Ukitazamia kwenye kikalio jina linageuka, na ndivyo alivyoanguka mara ya kwanza. Basi nikakaa, nikainuka, akabadili vitambaa, nikakaa tena, mpaka magoti yakaanza kualika, ka, ka, ka.

"Huko kwenye mtihani kuna kigoda?"

"Kuna karatasi tu."

"Basi tumekwisha."

Kesho yake alasiri akarudi. "Inuka, babu."

Akavifunga vitambaa kama swali lilivyokuja. Haidrojeni, alisema, ilichorwa inamjia usoni. Akachungulia upande wa miguu. Kidole kikapita chekundu, cheusi, cha buluu. Kikaenda kinyume cha saa.

"Uliandika nini?" Sabiha akauliza.

"Mwanzo R. Nikafuta."

"Ukaandika?"

"S."

Akajilaza mkekani na viatu vyake. Sabiha akamvua kimoja, cha pili kikamshinda, akajilaza naye.