Magwanda ya Jora Moja

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alifukuzwa kazi kwenye kituo cha mafuta kwa kuchanganya dizeli na maji. Miaka miwili baadaye akawa Kanali. Hakuna jeshi lililompa cheo hicho. Alijipa mwenyewe, wiki ile askari wa serikali walipoondoka darajani. Serikali mbili zilikuwa zikigombania kijito na kilima cha nyuma yake, na zilikubaliana kila moja iondoe askari wake wakati wakubwa wakizungumza. Nyumba tupu haikosi panya. Kanali akakusanya wanaume arobaini na bunduki kumi na tisa, akatangaza kwamba ardhi ya mababu sasa ina wenyewe.

Akaja kibandani kwangu, nyuma yake wanaume wawili wamebeba jora zito la kitambaa cha kijani walilolitoa kwenye ghala la forodha. Alitaka magwanda arobaini. Nikamwambia nina sare za shule zinanisubiri. Jioni mume wangu akakaa pembeni ya cherehani na kuniomba nisimwaibishe ndugu yake.

"Ni damu yangu, mke wangu. Mshonee tu. Atachoka mwenyewe."

Nikashona. Kosa hilo ni langu na silisukumi kwa mtu.

Niliwapima mmoja mmoja. Wale waliokuwa wakikopa sigara dukani walivuta matumbo ndani na kutazama juu ya kichwa changu kama wanapigwa picha. Kila mmoja alitaka nyota begani. Nilipomaliza nilikuwa na mameja watatu, makapteni kumi na mmoja, waliobaki wote maluteni. Askari wa kawaida alikuwa mmoja tu, kinyozi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Yeye hakutaka nyota. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba walimpa siku mbili: ajiunge au afunge duka. Ombi lake lilikuwa kola isimkwaruze shingo.

Kitambaa kilichotumika kilikuwa nusu. Nusu nyingine Kanali aliichukua mwenyewe, akasema ni ya akiba.

Vita vyao, kwa wiki tatu, vilikuwa gogo lililolazwa darajani. Mwanamke akipita na vitunguu, wanachukua vitunguu. Akipita na kuku, wanachukua kuku, wanampigia saluti. Ng'ambo ya kijito kulikuwa na kundi kama hilo, likiongozwa na dalali aliyewahi kuuza kiwanja kimoja kwa watu wanne. Asubuhi walitukanana kwa vipaza sauti. Mchana pande zote mbili zililala.

Alhamisi moja, kama saa nane mchana, watu wa dalali walivuka maji kuja kuikomboa pikipiki yao iliyokuwa imeporwa na watu wetu. Nilisikia risasi nikiwa natia uzi kwenye bobini. Zililia robo saa hivi. Kisha mashujaa wetu wakapita mlangoni kwangu mbio, meja mmoja akiwa na kiatu kimoja, kapteni mmoja akivua gwanda huku anakimbia na kulitupa mtaroni.

Kinyozi hakupita.

Yaliyotokea tuliyapata kwa muuguzi wa zahanati, na kwa watu wawili ambao dhamiri iliwakataza kulala. Wale wa ng'ambo nao walikuwa na magwanda ya kijani, kijani kile kile. Ndani ya matete ya kijitoni hakuna aliyemjua wake. Kapteni wetu mmoja aliona kijani mbele yake, akafyatua. Risasi ilimwingia kinyozi mgongoni.

Mazishini Kanali alizungumza nusu saa. Alisema shujaa ameanguka akimkabili adui uso kwa uso. Jumapili akaitisha mkutano kwenye uwanja wa shule, akatangaza kwamba kuna msaliti aliyewashonea maadui nguo zetu. Hakunitaja. Hapakuwa na haja. Fundi mwenye cherehani mjini pale nilikuwa mimi peke yangu. Watu wakanigeukia. Mume wangu akatazama viatu vyake.

Nilinyanyuka, nikamwomba muuguzi alete gwanda aliloliacha majeruhi wa ng'ambo pale zahanati. Akaenda, akarudi nalo. Nikaligeuza ndani nje mbele ya wote. Mishono ilikuwa mirefu kama ya gunia, na vifungo vimeshikwa kwa uzi mweupe. Kwenye ukingo wa kitambaa palikuwa na muhuri wa ghala la forodha.

"Mshono si wangu," nikasema. "Ila kitambaa nakijua. Ni cha jora uliloniletea, shemeji. Nusu ulikwenda nayo mwenyewe. Ulimuuzia nani?"

Akajibu kwamba siri za vita hazizungumzwi hadharani. Sauti ilikuwa ya Kanali bado, lakini mkono ulikuwa unatafuta mfuko bila kuupata.

Mjane wa kinyozi akasimama. Hakupaza sauti.

"Mume wangu alipigwa mgongoni. Hiyo nayo ni siri ya vita?"

Muuguzi akasema ni kweli, yeye ndiye aliyemwosha. Yule kapteni aliyefyatua akakaa chini kwenye vumbi, akafunika uso.

Kanali hatukumpiga. Mtu hupiga kinachomtisha. Tuliondoka uwanjani, tukamwacha na kipaza sauti chake, na ilipofika Jumatano jeshi lake lilikuwa na watu sita, wote wa kundi lililokuwa likipenda kuku.

Mwezi uliofuata askari wa serikali walirudi darajani. Nilidhani watamkamata. Wakubwa walihitaji mtu anayeijua mipaka, kwa hiyo wakampa ofisi, kiti cha kuzunguka, na cheo cha mshauri wa usalama. Dalali naye alipata chake upande wa pili. Walipigwa picha wakishikana mikono, wakitabasamu kama watu waliokula sahani moja, na kweli walikula. Kilima bado kinagombaniwa.

Kwangu nyumbani tulikaa muda mrefu tukizungumza habari za chumvi na ada za watoto tu. Sikumfukuza mume wangu wala sikumsogelea. Halafu asubuhi moja akavaa shati safi, akatoka bila kuniaga. Nilimwona kupitia dirisha la kibanda akisimama mbele ya duka la kinyozi, ambalo mjane alikuwa amelifungua tena na kujifunza mwenyewe kushika mashine. Mume wangu alizungumza kwa muda. Sikusikia neno.

Mjane aliendelea kufagia nywele sakafuni mpaka akamaliza, kisha akamsogezea benchi, na mume wangu akakaa.