Waya Uliopita kwa Oldroyd

Barrie Thackray alikuwa mtu wa kugombana na vitu, na asubuhi hiyo alikuwa anagombana na antena. Alikuwa ameipandisha juu ya karavani, ile nyumba yao ya magurudumu ya kuvutwa na gari, ameigeuza kuelekea kila mlima wa Wales, na kila alipouliza kupitia dirishani, "Sasa je?", mkewe Noreen, aliyekaa mezani mbele ya kompyuta mpakato, alimjibu lile lile: "Hamna kitu, mpenzi." Mwishowe Barrie akaichapa nguzo ya antena kwa nyundo mpaka ikapinda.

"Hapo umesaidia nini?" Noreen akauliza.

"Sijasaidia. Nimejisikia vizuri tu."

Noreen hakucheka. Saa nane mchana jopo lilikuwa linakaa kuamua kama Shane Duxbury atolewe gerezani. Duxbury ndiye aliyemuua mtoto wao, Craig, nje ya duka la chipsi huko kwao Barnsley. Alimpiga ngumi ya shavu, Craig akaanguka, kichwa kikapasukia kwenye ukingo wa barabara, na Duxbury na wenzake wakamruka wakaenda zao wakicheka. Kamera ya dukani iliona yote. Noreen naye aliyaona mahakamani, na tangu siku ile alikuwa akimchukia Duxbury kwa bidii, kama kazi aliyoajiriwa. Sheria ilimpa mama nafasi ya kuliambia jopo kwa video alichopoteza. Akiikosa, wangeamua bila kumsikia. Kikao kilikuwa kimeahirishwa na kuahirishwa tena, na tarehe mpya ilipokuja ikaangukia katikati ya safari yao. Noreen alitaka wabaki nyumbani. Barrie akaapa kwamba karavani yake ina intaneti nzuri kuliko ofisi ya waziri mkuu. Alikuwa amenunua antena, amenunua kisanduku cha kunasa mtandao, amesoma sifa zake zote. Hakusoma popote kwamba kuna mabonde ambamo mtandao hauteremki.

Shamba walilofikia lilikuwa na uwanja mdogo wa nyasi kwa wageni, na wageni walikuwa wao na jirani mmoja tu. Mtandao ulipatikana mahali pamoja, kule juu karibu na geti, tena kwa kile kisanduku tu; simu za mkononi hazikushika popote. Noreen alikuwa amezunguka uwanja mzima na kompyuta na kisanduku kifuani mpaka akapajua. Na hapo getini ndipo alipoegesha Neville Oldroyd, fundi bomba mstaafu kutoka Hull, mwenye shingo nene, akiwa na mkewe Pauline.

Kumwomba kungekuwa rahisi, kama Barrie asingekuwa Barrie. Jioni ile walipofika alikuwa amekwenda bombani na ndoo, na badala ya kuzunguka akakatisha katikati ya karavani ya Oldroyd na gari lake. Kwa watu wa karavani huo ni ukosefu wa adabu. Kipande cha nyasi ulichoegesha ni sebule yako, na mtu hakatizi sebuleni kwa watu akichuruzisha maji. Oldroyd alimkaripia, Barrie akamtukana, Oldroyd akaipiga teke ndoo, na wanaume wawili wenye mvi wakakunjana mashati mpaka wake zao wakaja kuwaachanisha.

"Nenda kamweleze," Noreen alimwambia mumewe sasa. "Akijua ni habari ya Craig, yule atatupisha hadi kitandani kwake."

"Mimi nikampigie magoti yule nguruwe? Tena mambo yetu si ya kuanikwa uwanja mzima."

"Basi naenda mimi."

"Ukienda umenivua nguo, Noreen."

Hakwenda. Na tusimbebeshe Barrie lawama peke yake, kwa sababu Noreen naye aliona haya. Watu wa karavani wanaweza kulala wiki nzima wakisikilizana kukoroma, na kitu pekee wanachoambiana ni kwamba mvua inakuja. Kumgongea mtu mlango na kumwambia, mwanangu aliuawa, naomba nafasi, kulimshinda.

Akina Oldroyd walipotoka kwenda dukani, Barrie akaichukua antena, akaifunga kwenye nguzo ya geti, akavuta waya mrefu mweusi kupitia nyasi za Oldroyd na chini ya karavani yake hadi kwao. Waya mmoja haukufika, akaunganisha wa pili. Picha ikatokea kwenye kompyuta safi kabisa. Noreen akalia kwa furaha, na Barrie akambusu utosini.

"Si nilikwambia?"

Saa nane watu watatu wa jopo walitokea. Mwenyekiti, mwanamke mwenye miwani, akasema, "Bi. Thackray, tunakuona na kukusikia. Anza ukiwa tayari."

"Naitwa Noreen," akaanza. "Mimi ni mama yake Craig."

Mwenyekiti akaganda mdomo ukiwa nusu wazi. Kisha kioo kikawa kitupu.

"Barrie!" Noreen hakuwa amepiga ukelele wa namna ile tangu usiku ule wa Craig hospitalini. Barrie, aliyekuwa amekaa mlangoni kama askari, akatoka mbio.

Oldroyd alikuwa amerudi kutoka dukani, amesimama kwenye nyasi zake, waya mkononi, ameuchomoa pale ulipounganishwa. Nyuma yake Pauline alikaa kwenye ngazi ya karavani akijipangusa goti lenye damu.

"Nani kanitegea mtego sebuleni kwangu?" Oldroyd alifoka. "Mke wangu angevunjika mguu! Kisa nini? Unataka kuangalia kriketi?"

"Rudisha waya."

"Uchukue mwenyewe, babu."

Neno moja tu lilitakiwa hapo, jina la mtoto, na Barrie hakulisema. Alimvamia. Oldroyd akamchapa na ncha ya waya usoni, ile yenye chuma, shavu likachanika. Barrie akamkaba koo. Wakaangukia hema la pembeni mwa karavani ya Oldroyd, nguzo zikavunjika, turubai likawafunika, na ndani yake zikasikika ngumi na miguno. Oldroyd akatoka kwanza, akamkanyaga Barrie mbavuni, akamkanyaga tena. Barrie akamshika mguu akamng'ata juu ya kiatu. Walikuwa wazee, na walipigana vibaya, bila ustadi, kwa nia ya kuumizana. Kisha Barrie akanyanyuka na kumtandika Oldroyd ngumi ya taya. Oldroyd akarudi kinyumenyume, mikono hewani, akaanguka, na kisogo kikagonga kile chuma cha mbele kinachofunga karavani na gari. Ule mlio Noreen aliusikia akiwa bado mlangoni.

Damu ilikuwa inatoka sikioni. Pauline alikuwa anaita, "Nev? Nev?"

Noreen alikwenda moja kwa moja kwa Oldroyd, akainama, akaichukua ncha ya waya kutoka mkononi mwake. Vidole vilifunguka bila ubishi. Akaunganisha waya, akamruka, akarudi ndani mbio.

"Tumekupata tena, Bi. Thackray," mwenyekiti akasema. "Endelea, usiwe na haraka."

Akaendelea. Maneno alikuwa ameyakariri, na yalitoka bila kutetemeka hata kidogo. Alisema Craig alikuwa fundi wa lifti. Alisema mpaka leo akipika chai anatoa vikombe vitatu. Alisema anataka Duxbury azeeke mle ndani, meno yamtoke mle ndani. Nje ya dirisha Pauline alikuwa amepanda juu ya kiti cha kukunja, ameinyoosha simu angani, anapiga kelele kwamba haishiki, jamani, haishiki. Noreen alimsikia vizuri sana.

"Walimruka mwanangu," akasema. "Alikuwa bado anapumua. Hakuna hata mmoja aliyepiga simu."

Hapo akageuka dirishani, akamtazama Pauline.

"Bi. Thackray? Mtandao wako umekatika tena?"

"Haujakatika." Alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Pigeni simu. Hapa simu hazishiki, hakuna mwingine wa kupiga. Iteni ambulensi. Kuna mtu amepasuka kichwa."

Akawatajia jina la shamba na barabara. Mmoja wa wanajopo akanyanyuka na simu sikioni. Mwenyekiti akavua miwani.

"Amepatwa na nini?"

Barrie alikuwa amefika mlangoni, damu ya shavuni imeshuka hadi kolani. Alisema kwa sauti ya chini, haraka haraka, "Ameteleza. Waambie ameteleza. Noreen, wakijua, sisi watatuona watu gani? Watamtoa. Watamtoa Duxbury!"

Noreen akamtazama yule mwanamume aliyelala naye miaka yote. Alimpenda, na wakati huo huo alimchukia. Wakili wa Duxbury naye alikuwa amesema mahakamani kwamba Craig aliteleza.

"Mume wangu amempiga," akaliambia jopo. "Ngumi ya taya. Waambieni madaktari hivyo hivyo, alipigwa, akaangukia chuma."

Kisha mwenyekiti akauliza kwa upole kama angetaka kuendelea baadaye.

"Nilikuwa na mengine," Noreen akasema. "Siwezi kuyasema tena."

Hakufunga kompyuta, ili wale wa ambulensi wakitaka kuelekezwa njia mtu aweze kuitwa. Alipotoka, Barrie alikuwa tayari ameufungua mlango wa gari.

"Nakimbia kumwita mwenye shamba," alisema, na macho yake yalikuwa kwenye geti na barabara.

Noreen akampokonya funguo. "Mwenye shamba yuko mnadani na kondoo wake, umemwona mwenyewe akitoka. Piga magoti. Mshike kichwa kisicheze."

"Siwezi, mpenzi. Siwezi kumgusa."

"Utamgusa."

Akapiga magoti. Akaweka viganja vyake viwili kwenye masikio ya Oldroyd, na damu ikamwingia katikati ya vidole. Oldroyd alipumua kwa kukoroma, pumzi ikasita, akapumua tena.

"Mke wangu alikuwa anataka kuongea habari za mtoto wetu," Barrie akamwambia Pauline, akilia. "Aliuawa. Ndiyo maana tulivuta waya."

Pauline akamkodolea macho. "Kwa nini hukusema?" akauliza. "Mpumbavu wewe, kwa nini hukusema? Tungewapa meza yetu!" Na akaanza kumpiga ngumi za mgongo kwa mikono yote miwili, kwa nguvu zake zote. Barrie hakujikinga, kwa sababu mikono yake ilikuwa imeshika kichwa. Noreen alisimama kando na funguo mkononi, na hakumzuia.