Doa la Alhamisi

Alhamisi, watu wametoka kuswali adhuhuri, Tamim alifungua chupa ya mvinyo mwekundu wa Kifaransa katika hoteli moja ya mlimani, juu ya Nizwa, akammiminia Ami Khalaf gilasi ya kwanza. Ami Khalaf katoka Ibra, mwendo wa saa mbili kwa gari, maana Ibra anajulikana. Tamim naye wa Ibra. Hawakusalimiana. Pale hawasalimiani.

Tamim hajapata kuutia mvinyo mdomoni. Anaujua kwa karatasi aliyopewa na meneja: huu wa Bordo unataka nyama yenye mafuta, mbavu za kondoo, jibini gumu lililokaa. Samaki wa ndimu hapana, mdomo unabaki na ladha ya chuma. Toka amalize skuli kaomba kazi ya ofisi miaka miwili, kapata hii. Akaleta mbavu. Ami Khalaf akanywa gilasi tatu, akafuta mdomo, akaondoka na kanzu yake nyeupe pe.

Doa likamtokea Tamim, kifuani, kubwa kama kisahani. Ndo kawaida yake: anachokunywa Ami Khalaf kinatokea kwenye kanzu za Tamim, hata zilizokunjwa kabatini kwa mama yake. Mama huyo, Bi Mahfudha, kaosha kwa ndimu, kwa chumvi, kwa jiki, halitoki. Siku hizi anazipiga pasi hivo hivo.

Jumamosi Tamim na mjomba wake walikwenda kuposa. Tamim anamtaka Tufool, binti wa Ami Khalaf, tangu skuli, na Tufool keshasema ndio. Lililobaki neno la baba. Tamim alinunua kanzu mpya, akaivalia kwenye gari, mbele ya mlango wao. Kufunga kifungo tu, doa hilo.

Wakaingia majlisi, wakampa shikamoo Mzee Marhun, babake Ami Khalaf, wakanywa kahawa, wakala halua. Mjomba wa Tamim akasema kilichowaleta.

"Mwanangu Tamim, sina ubaya na wewe," akasema Ami Khalaf. "Lakini binti yangu simpi mtu wa ulevi. Jitazame kifua."

Wote wakamtazama kifua.

"Hili la Alhamisi, ami," akasema Tamim. "Gilasi tatu, na mbavu za kondoo."

Mzee Marhun akamwita karibu, akalinusa doa kama anavonusa udi. Akasema kweli, hili la mvinyo na mbavu za kondoo, na mwanawe tangu mdogo samaki hamtaki. Mjomba akaongeza halua.

"Mie sikatai," akasema Ami Khalaf. "Lakini lipo kwenye kanzu ya nani?"

Hapo hapakuwa na la kubishana. Kanzu ya Tamim.

Tufool alikuwa nyuma ya pazia. "Baba, mie doa hilo nalijua la nani, na nishakubali."

Akaambiwa aende ndani. Akaenda, na mlango akaubamiza mpaka vikombe vikalia.

Ami Khalaf akamsindikiza Tamim hadi getini, kamshika mkono kwa adabu zote. Akamwambia kuna watu wa Sur wanamtaka Tufool kwa kijana wao, baba na wanawe watatu, na Alhamisi anawaalika kule mlimani. Amwekee meza ya watu watano, ile ya pembeni.

Tamim akauliza watakula nini.

"Kondoo. Na ile ile."

"Hadhir, ami, itakuwa tayari," akasema Tamim, maana kazi anaitaka.

Alhamisi wale watano wakamaliza chupa nne, wakakubaliana mahari, wakaondoka weupe wote. Ijumaa Tamim aliingia msikitini Ibra mwekundu toka shingoni mpaka miguuni. Aliokuwa nao safu moja wakasogea huku na huku, akabaki peke yake katikati. Imamu akageuka, akawaambia wasiache nafasi, wasogeleane.

Wakasogeleana, bega kwa bega, Tamim na Ami Khalaf.