Mgeni Katika Maabara Yangu

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nimeinama miaka tisa, nikifundisha kemia katika chuo kimoja kidogo cha Pennsylvania kwa mkataba wa muhula mmoja mmoja, bila bima ya afya. Mwaka huu ikatangazwa nafasi ya kudumu, nikaingia kwenye watatu wa mwisho. Basi ikabidi nisailiwe kama mgeni, maana kamati inataka wote tutendewe sawa. Ni kichekesho, ila siku hizi sicheki sana.

Walt Hrabak, mkuu wa idara, alinipokea mlangoni amevaa tai.

"Karibu chuoni kwetu, Daktari Vasko. Safari ilikuwaje?"

"Walt, acha utani. Nimetoka chumba cha pili kusahihisha mitihani."

"Najua, Noreen. Lakini nisipouliza, waombaji wenzako watalalamika."

"Haya, safari njema. Korido haikuwa na foleni."

Akanitembeza. Akanionyesha maabara ambayo mimi ndiye huifungua kila asubuhi, akanieleza kwamba feni ya kuvuta mvuke wa sumu ni mbovu. Mimi ndiye niliyeripoti. Nikaitikia kwa heshima, kama mgeni.

Halafu likaja somo la majaribio. Kamati ilikaa nyuma, na mbele yangu wakawekwa wanafunzi wangu mwenyewe, walioagizwa wajifanye hawanijui. Binti mmoja akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu, unaitwa nani?"

Darasa likaangua kicheko. Nikageuka, nikaandika jina langu ubaoni.

Ijumaa iliyofuata Walt alipiga simu nikiwa nakaanga vitunguu.

"Noreen, tumemchukua yule mwombaji wa Oregon. Wamekupenda sana, lakini wanataka damu changa."

"Sawa."

Nilingoja uchungu uje. Haukuja. Vitunguu vikaanza kuungua, nikavitazama tu.

"Tena kuna jambo," akasema. "Jamaa hawezi kuhamia huku kabla ya Januari. Madarasa yake manne hayana wa kuyafundisha. Najua si haki kukuomba wewe, na malipo ni yale yale ya zamani. Ukikataa hakuna atakayekulaumu, kwa hiyo fikiria kwanza, uzungumze na—"

"Nitayachukua," nikasema kabla hajamaliza.

Kisha nikamshukuru.