Kutu ya Baiskeli ya Fulgence

Charlotte alikuwa na haraka, na haraka, kama tujuavyo, haina baraka. Ilikuwa imebaki wiki moja tu matanga ya mumewe Fulgence yaishe, lakini yeye akaipindua baiskeli ya marehemu nyuma ya nyumba yao ya mtaa wa Ngezi, magurudumu juu, akaanza kuitoa kutu. Mvua ilikuwa imekula vile vyuma vya meno vinavyoshika mnyororo hadi ukawa hauzunguki. Watoto watatu walikuwa wanalala na chai tupu. Baiskeli ikitembea, angesukuma magunia ya makala, yale makaa ya kupikia, kutoka njia ya Irumu hadi soko la Nyakasanza, kama Fulgence alivyofanya, na wangekula.

Jirani yake Léonie alimwonya.

"Mama Gracia, ngoja kwanza matanga iishe. Ile siku familia ya bwana itagawanya vitu. Velo ikiwa na kutu, hakuna mutu ataiangalia."

"Watoto iko na njaa leo, Léonie. Na Shemeji Isidore alishanipatia."

Kweli, siku ya mazishi Isidore, kaka mkubwa wa marehemu, aliipiga teke baiskeli ile akasema, "Hii takataka, bakia nayo." Masikini Charlotte, aliamini neno la mtu aliyeshiba.

Alisugua siku nne, kwa limau na chumvi, kwa jivu, kwa mswaki wa zamani wa Fulgence. Limau liliingia kwenye michubuko ya vidole, akauma meno, akaendelea. Kisha akapaka mafuta, akazungusha pedali, na gurudumu likakimbia bila kelele. Alicheka peke yake. Kesho yake alifanya safari moja ya makala, na jioni watoto walikula sombe ya majani ya muhogo na samaki mpaka wakasinzia palepale mkekani.

Siku ya kumaliza matanga, Isidore aliiona baiskeli ukutani.

"Eh! Velo ya ndugu yangu iko muzima! Itarudi kwa familia."

"Shemeji, ulisema nibakie nayo."

"Nilisema takataka. Hii iko takataka?"

Wanaume wakacheka. Isidore aliinama, akazungusha gurudumu polepole, akasimamisha kidole kwenye jino moja la chuma lililobaki na kutu.

"Hapa umesahau. Maliza, niende nayo."

Charlotte aliwatazama watoto wake. Kisha akachukua mswaki wa mumewe, akachuchumaa mbele ya watu wote, akalisugua lile jino mpaka likang'aa.