Kola ya Wahiba

Jumamosi asubuhi, katika ukumbi wa judo mjini Constantine, Zoulikha alimshika Wahiba kola, kama wasioona wanavyoanza kila pambano, akaona. Hakuwa ameona tangu utotoni. Sasa aliona kwa macho ya Wahiba: uso wake mwenyewe, mvi juu ya sikio, na ukutani nyuma yake picha ya timu na majina yaliyoandikwa kwa herufi ndogo kama chawa. Aliyasoma yote. Kisha akambwaga Wahiba, maana ndilo lililomleta. Alipomwachia, giza likarudi.

Wahiba alikuwa mpwa wa mwenyekiti wa shirikisho, na daktari alikuwa amethibitisha kwamba haoni hata mwanga. Uzito wao ulikuwa mmoja, nafasi ya Paralimpiki moja. Zoulikha alikuwa bingwa wa Afrika. Nafasi alipewa Wahiba.

Kocha Abdelouahab alimsikiliza Zoulikha akieleza yote, huku akikunja taulo.

"Hilo la mikono yako kuona, heri yako, binti yangu," akasema. "Hilo la Wahiba, sote tunalijua."

Mwenyekiti naye hakubisha. Alisema kanuni hazitambui ushahidi wa kola, kisha akamsogezea ya kwake, aijaribu akitaka. Zoulikha akaishika. Alitarajia kujiona amesimama pale. Akaona viatu vya mwenyekiti, vyeusi, vimeng'arishwa. Mwenyekiti hakuwa akimtazama.

Basi Zoulikha akabaki mwenza wa mazoezi, maana hapakuwa na mwingine wa uzito ule. Akamfundisha Wahiba mwereka wa kushoto, ule uliompa ubingwa.

Siku ya mwisho kabla ya safari, mama yake Zoulikha, Bi Khadra, alileta mkate na machungwa, akaketi kando ya mkeka. Wahiba, ambaye hakuwa na roho mbaya na alikwisha kuambiwa siri ya kola, akanong'ona, "Leo nikutazamie nini, dada?"

"Mama."

Wahiba akageuza kichwa. Miaka yote Zoulikha alimjua mama kwa sauti yake ya kucheka, na hata sasa ilicheka: "Mkazie huyo, kipenzi, asikuchezee." Lakini uso ulikuwa umelowa, na mkono uliyafuta machozi kwa ncha ya mtandio, polepole, kama mkono uliozoea kazi hiyo.

Zoulikha akaikaza kola, akatazama mpaka akatosheka. Kisha akambwaga Wahiba kwa nguvu zake zote.

"Taratibu, dada," Wahiba akasema akiwa chini. "Kesho nasafiri."

Zoulikha akanyoosha mkono gizani, akamwinua.